Sahani ya Lipanda

Kolwezi, siku ya ine kisha feti ya Lipanda

Ngoie, mudogo wangu,

Mbele nikuulize kama ulilala muzuri, sikia kwanza hii: Kasongo iko muzima. Mutoto yako iko muzima, anakula, anatembea, ukimuita jina anaitika. Sasa kaa chini. Kama unasoma hii barua umesimama pembeni ya gari ya tata Saidi, ikunje, mushukuru ule muzee, rudi ku nyumba, kunywa maji, kisha soma yote kutoka juu mpaka chini. Usiruke. Nakujua, unarukaka mistari sawa vile unarukaka sala.

Haya, salamu sasa. Kifua yako iko namna gani? Ile majani nilikuachia, unachemusha kweli ao unaiweka tu paka vile mu kikapo ikauke sawa urembo? Paa ya jikoni mulitengeneza, ao munangoja mvua irudi ikuje kubaambia tena? Hapa kwetu tuko muzuri. Macho yangu inaona kidogo, haioni mingi, lakini kuandika naweza. Masista balitufundisha kuandika miaka ine na fimbo, kintu ya fimbo haitokake mu mukono. Banza yangu anafanya kazi ku mizani ya magari, kule banapima malori ya mukuba, ile shaba. Anarudi mangaribi na vumbi mu nyusi, unamuwaza muzee kuliko miye mama yake. Bibi yake wa ndoa, Mama Feza, ananitunza muzuri. Anatia mafuta kidogo sana mu mboga, lakini ananitunza muzuri.

Baridi ya hii mwezi inauma mifupa. Na umeme, usiniulize. Tuko karibu na Nzilo, pale banafunga mto yetu na ukuta mukubwa juu ya kutoa umeme, na bado taa ya mu nyumba ya Banza inakufa ovyo. Umeme inaenda kwanza ku mashini ya mukuba, kisha ikibakia kidogo inakuya kwa bantu. Maji njo haikamatiwe muda murefu. Inapita Nzilo, inatembea, inatembea, inafika kwenu Kabalo. Nilimuambia Mama Feza: ukienda kule mutoni usifue nepi, mudogo yangu anakunywaka ile maji. Akacheka. Mi sikucheka.

Sasa tuingie mu mambo yenyewe. Na mbele nifike kwa Kasongo, nakugombeza kidogo, juu iko kintu moya umeharibu.

Nilisikia kama unaambia bajukuu yako asema siku ya Lipanda yenyewe, mu soixante, mwaka ya 1960, muntu mwenye alikula sahani ya mama alikuwa padri. Ngoie, nani alikuambia padri? Siku ile ulikuwa mu mugongo ya mama, umelala na mate mu kinywa. Mi nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nashika kopo ya maji. Basi nakuandikia vile ilikuwa, na ubasomee batoto hivi, usiongeze nguo ya padri.

Ile mwezi yote bantu balikuwa banasema paka Lipanda. Lipanda inakuya. Lipanda itafika siku ya makumi tatu. Leo batoto ya masomo banajua kama ni uhuru, kama ni kujitawala, kama Mubeleji alipana inchi. Sie pale mu kambi ya train hatukuambiwa na muntu. Tulisikia paka inakuya. Na kintu yenye kukuya Kabalo, inakuyaka na nini? Na train. Chumvi inakuya na train, barua inakuya na train, administrateur, ule mukubwa ya Babeleji, anakuya na train. Bengine balisema iko mu sanduku, balienda na mikokoteni kungoja. Bengine balifagia makaburi juu benye kukufa nao baone. Mama yetu akasema hapana, kintu yenye bantu yote banangoja hivi, ni mugeni. Ni mukubwa fulani. Na mugeni hafikake ku nyumba akute moto imezima.

Akachinja ile jogoo nyekundu. Akapika bukari, ugali yetu, akatia nyama mu sahani ya bati ya emaye, ile nyeupe ya mudomo ya bluu, akafunika na kitambaa ya ubatizo yako. Eh, yako. Akatosha kiti nje, akaweka karibu ya mulango. Tata yetu, bwana yake, alikuwa anamuambia, "Bibi, Lipanda ni maneno ya politiki." Mama akamujibu, "Maneno hiyo haikulake saa ya mangaribi? Toka pa kiti."

Train ilipaswa kufika saa sita. Ikafika karibu jua kushuka. Bantu balikimbia kule gare, kituo ya train, bakarudi na bendera ndogo ya karatasi, hakuna kingine. Benye mikokoteni balirudi nayo mitupu. Na pa njia yetu akapita muntu moya, peke yake, mweusi na moshi mpaka mu masikio. Alikuwa ule wa kutia kuni mu moto ya mashini ya train. Anatafuta paka maji. Mama akasimama, akashika mikono yake mbele, akamuuliza na heshima yote: "Ni weye Lipanda?"

Ule muntu akaangalia mama. Akaangalia sahani. Kuku ilikuwa inanuka muzuri mpaka mbwa ilikuwa kimya. Akasema: "Ni miye, mama. Train njo ilichelewa."

Akakaa, akakula. Tata akataka kumuuliza unatoka wapi, utabakia siku ngapi, umetuletea nini. Mama akamukanyaga muguu. "Mugeni anakula kwanza," akasema. "Akinawa mikono, njo utamuuliza." Na muntu alipomaliza, nikamumwangia maji mu beseni, maji ikakuwa nyeusi titi. Kisha akaangalia chini, akasema, "Mama, unisamehe. Mi si Lipanda. Mi ni muntu wa moto ya train. Nilikuwa na njaa tangu jana." Na mama yetu, mwenye hakusoma ata a ata b, akamuambia: "Nilijua. Mi niliita, weye uliitika. Inatosha."

Ni vile. Hakuna padri.

Na tangu siku ile, kila mwaka siku ya Lipanda, kiti nje, sahani na kitambaa, na muntu wa kwanza mwenye kupita njo anakula mbele yetu. Akuwe nani. Hauchague. Haumuulize kintu mpaka anawe mikono. Unakumbuka bengine? Siku kumi na moya tu kisha ile jogoo, bakubwa ya Katanga bakasema Katanga ni inchi ya pekee, na sie kule kwetu tukakataa, na bita ikaingia. Mwaka yenye kufuata tulikuwa mu pori. Mama akaweka mihogo ya kuchoma pa jani, juu sahani ilikuwa imefichwa mu udongo. Akapita askari. Hatukujua ni askari wa upande gani. Alikula, akanawa, akaenda, na mama hakumuuliza, juu alisema jibu yake ingetuua. Kisha wakati ya Zaïre, balibadirisha jina ya inchi, jina ya mto, majina yetu ya ubatizo, bakatuchezesha mu jua na vitambaa ya chama. Hakuna mukubwa alikuya kubadirisha sahani. Na sasa hivi, mwaka ingine banatuambia défilé, batoto ya masomo na bafanyakazi ya mukuba na kofia zao bapite mbele ya bakubwa. Mwaka ingine banasema hapana, inchi iko na bita kule Mashariki, hii Lipanda ni ya méditation, kila muntu akae kwake awaze. Sawa. Mi nawaza muzuri paka nikiwa na moto jikoni.

Sasa kwa Kasongo.

Nilikuwa pale Kabalo siku ya kilio ya bwana yako, Mungu amulaze. Nilikuwa nimekaa pembeni yako pa mukeka. Kasongo hakukuya. Siku ya kuzika hakukuya, siku ya kuosha kilio hakukuya. Na weye ulisimama mbele ya bantu yote, na tata Saidi akiwa pale na gari yake, ukasema: "Ukimuona kule Kolwezi, umuambie asikanyage tena hapa. Sina mutoto wa jina ile." Nilisikia na masikio yangu mbili. Nilikuvuta kitenge, ukaniondosha mukono. Sikukugombeza siku ile juu ulikuwa na maiti. Leo nakugombeza. Neno ya vile, Ngoie, unaimeza na maji. Haumupe muntu wa gari.

Juu Saidi ni muntu wa kweli, ukimutuma anafikisha. Alimukuta Kasongo kule Mutoshi, kwa bachimbaji, akamuambia yote kwa mara moya: tata yako amekufa, na mama yako amesema hivi. Kisha ile siku Kasongo akapotea. Na weye ukaanza kulia, ukaanza kutuma barua kila gari, "yaya, dada yangu mukubwa, munitafutie mutoto". Banza alienda Mutoshi mara tatu. Bachimbaji balimuambia paka, "Ule wa muguu alienda." Wa muguu gani? Kasongo yetu alikuwa na miguu mbili muzuri. Tukawaza ni Kasongo mwingine. Nikubali sasa, niliwaza pia mambo mubaya. Hapa bantu banachimba mpaka chini ya jikoni zao, udongo inabafunika, na jina haitoke. Sikukuandikia ile. Nilikuandikia "tunatafuta".

Mwaka ule nilipofika hapa, nikaweka kiti nje ya nyumba ya Banza siku ya Lipanda. Mama Feza alikuwa na haya. Banza akasema, "Mama, hapa si Kabalo. Utaingizia sie mwizi." Nikamuambia, "Mwizi mwenye ameshiba anaiba kidogo." Na nani alipita wa kwanza? Jirani yetu tata Mwepu, muzee wa pensheni, alikuwa fundi ya reli. Tumbo yake inamutangulia sawa bendera. Alikula kuku mupaka mifupa ikaomba ruhusa. Na tangu siku ile alijua. Mwezi wa sita ukianza, ananisalimia mara tatu kwa siku, ananiita kambo sawa bajukuu. "Kambo Mwadi, afya? Kambo Mwadi, jogoo iko na afya?"

Mwaka hii balitangaza méditation. Hakuna défilé. Njia yetu ilikuwa mitupu, ata pikipiki. Niliweka kiti saa sita, nikaweka sahani, nikafunika, nikakaa ku mulango. Saa saba hakuna muntu. Saa nane, kuku moya ya jirani. Saa tisa Mama Feza akatoka, akasema polepole, "Kambo, batoto bana njaa." Nikasema, "Mugeni bado." Akasema, "Na kama hakuna mugeni?" Nikamuambia mama alingoja train mpaka jua kushuka, weye unashindwa na saa tisa. Lakini mu roho, Ngoie, nilianza kuogopa. Tangu soixante hatujakosa muntu ata mwaka moya. Niliwaza, kama ni miye mwenye kuikosesha, nitamuambia mama nini kule?

Njo vile nikaona, upande wa juu, tata Mwepu anatoka kwake. Amevaa shati ya feti. Anatembea sawa muntu mwenye hana haraka, lakini tumbo ilikuwa na haraka. Nikasema haya, ni yee tena, kuliko hakuna.

Na upande wa chini, pale pa kona ya duka, kuna muntu mwingine akatoka. Kofia, ndevu, koti ya zamani. Muguu moya anaivuta. Nilikuwa nimeona kivuli yake pale tangu saa sita, niliwaza ni muuza makala, ile makaa ya kupikia, anapumuzika. Sasa akaanza kutembea. Na alipoona Mwepu anakuya, akaanza kukimbia. Kukimbia ya vile, Mungu wangu, muguu moya inakimbia na ingine inaburutwa, vumbi inapanda. Mi nikawaza: hii njaa ya namna gani.

Mwepu alikuwa karibu sana. Alibakisha hatua kumi. Alimuona ule muntu. Akasimama. Akainama chini, akaanza kutengeneza kiatu yake, anatengeneza, anatengeneza, ata hainui kichwa. Ule mwingine akafika mbele yangu, pumuzi inapiga sawa mbuzi yenye balifukuza. Macho yangu haikuona sura. Niliona ndevu na moshi. Basi nikasimama, nikashika mikono mbele sawa mama, nikauliza: "Ni weye Lipanda?"

Sasa unajua, bageni bote bananiangalia sawa mwenda wazimu. Inabidi nibafundishe: sema ni miye. Na banasema paka ile, "ni miye". Ile ingine ya nyuma hatubafundishe. Ni ya sie ndani ya nyumba.

Muntu akatoa kofia. Akasema, na sauti ndogo: "Ni miye, mama. Train njo ilichelewa."

Ngoie, nilijua ni nani. Nilishika kiti, kiti njo ilinishika. Kinywa ikafunguka kwa jina yake, na nikaifunga. Nikaifunga na meno. Juu mutoto hakupita njia ya muryango, alipita njia ya mugeni. Alikuwa amechagua ile siku moya ya mwaka yenye hakuna muntu anaruhusiwa kumuuliza ulikuwa wapi. Kama ningesema "Kasongo", angekuwa Kasongo, na Kasongo alikatazwa kukanyaga. Lipanda hakukatazwa.

Nikamuonyesha kiti. Akakaa. Nikafunua sahani.

Banza akatoka ndani na glasi mu mukono, akamuangalia, akaangalia tena. Akafungua mudomo. Nikamukanyaga muguu na nguvu yote mama alinipa. "Mugeni anakula kwanza," nikasema. Banza akafunga mudomo, machozi ikaanza kumutoka, akageuka akaangalia ukuta sawa muntu anasoma kalenda.

Na ule mutoto akakula. Polepole. Anajua kisha ya maji kuna maneno. Alikula bukari punje kwa punje. Alisafisha mufupa moya mpaka ingeuzwa. Akaomba mboga tena. Akaomba pilipili. Mama Feza alileta, na yee hajui kintu, ananiuliza na macho, huyu ni nani. Mi nilikuwa nimesimama pale na maneno ya miaka mbili imejaa mu kinywa, inawasha ulimi sawa ile pilipili. Unanijua. Mi kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kulima. Nilimugombeza mu kichwa kuanzia nywele mpaka ku vidole, nikamaliza, nikaanza tena. Hakusikia ata moya.

Kisha akasukuma sahani. Nikaleta beseni miye mwenyewe. Nikamumwangia maji. Na maji ikakuwa nyeusi titi, ya makala, sawa ya ule muntu wa train. Nikaangalia ile maji, Ngoie. Nilikuwa na haki ya kuuliza na sikukuwa na swali. Nilisema paka, "Umekonda."

Banza njo aliuliza. Na Kasongo akajibu yote, anaangalia beseni.

Shimo ya Mutoshi ilianguka, mwezi moya mbele ya kufa ya tata yake. Muguu ikavunjika, ikaunganika mubaya. Siku munazika, alikuwa amelala pa mukeka ya rafiki, hawezi kwenda ata choo peke yake. Hakukataa kilio, Ngoie. Hakusikia ata habari ya kilio. Aliisikia kwa Saidi, juma tatu kisha, akiwa anajifunza kusimama na fimbo. Na neno yako ikamufikia palepale, juu ya ile fimbo, na akamuomba Saidi asituambie kintu ya muguu. Akawaza: kama mama amesema, amesema. Akapanda train ya Mutshatsha, akajifunza kuchoma makala, njo anafanya mpaka leo. Haibe, hanywe sana. Nilinusa.

Na sikia hii. Mwaka uliopita alikuwa hapa. Alileta makala Kolwezi siku ya Lipanda, akapita pa njia ya Banza, akaona kiti na kitambaa. Akasimama pa ile kona. Miguu ikakataa. Akamuona Mwepu anakaa, anakula. Akarudi Mutshatsha, akangoja mwaka muzima. "Kambo," aliniambia, "mwaka yote nilikuwa nasema ile maneno juu nisiisahau."

Baadaye nilienda kumupelekea Mwepu kipande ya kuku. Nikamuuliza, "Tata, juu ya nini ulisimama?" Akasema, "Jiwe iliingia mu kiatu, kambo." Nikaangalia chini. Alikuwa amevaa malapa ya wazi. Nikamuongezea paja.

Sasa sikia muzuri, juu hapa njo kazi yako inaanza.

Nilimuambia Kasongo, twende, rudi kwa mama yako. Akasema, "Mama alisema nisikanyage." Nikasema alisema na uchungu. Akasema, "Ile najua. Lakini alisema." Mukaidi. Sikutafuta mbali alitoa wapi. Akasema atarudi Lipanda yenye kukuya, kule Kabalo, kama mugeni. Nikamuambia mwaka moya ni mingi kwa kambo mwenye macho haya, na kwa mama mwenye kifua ile. Ile kiti tunaweza kuitosha siku yenye tunapenda. Mama hakusoma tarehe, alisikia paka inakuya. Akawaza. Akakubali hivi: atakuya na train yenye kufuata gari ya Saidi. Atapita pa njia ya nyumba. Akikuta kiti nje na sahani imefunikwa, na weye unamuuliza swali, atajibu. Asipokuta, atapita tu mpaka mutoni, atarudi Mutshatsha, na hatatuma neno tena. Niligombana naye pa ile nusu ya mwisho. Hakubadirika.

Mu gunia yenye Saidi amekupa, chini ya nguo, iko sahani. Eh, yenyewe, ya mudomo ya bluu. Najua tangu mama afe unasema kama niliichukua juu miye ni mukubwa yako, na juu ya roho mubaya. Niliichukua juu miye ni mukubwa. Ile ya roho mubaya tutazungumuza siku ingine. Sasa ikae kwako. Mi hapa nitatumia sahani ya Mama Feza, ya plastiki yenye maua, mama anisamehe.

Tosha kiti kuanzia kesho. Kila siku, usingoje kusikia filimbi. Pika kintu kidogo, na ikipoa, pika tena. Bantu bakikuuliza kama umepoteza akili, baambie ni yaya yako alikuagiza, bananijua. Akifika usilie mbele ya sahani. Usiseme jina. Usiangalie muguu. Muulize swali yenye mama aliuliza, kisha ujikanyage muguu mwenyewe mpaka anawe. Na akinawa, hata usiulize kintu, Ngoie, juu mi nimekwisha kuuliza na nimekwisha kukuandikia majibu. Yako ni kumuambia maneno moya tu, yenye kufuta ile ulimupa Saidi, na unaijua.

Salimia Umba, binti yako wa kwanza, umuambie kitenge alinitumia ni kifupi, lakini navaa. Salimia katekista yetu, umuambie misa ya hapa ni ndefu kuliko yake na siyo muzuri kuliko yake. Salimia mama muuza chumvi wa pale gare, mwenye alinishika mukono siku ya kilio, sijasahau. Banza na bibi yake banakusalimia. Kasongo hakusalimie, yee ataleta mwenyewe.

Nimelala muzuri siku hizi ine, mara ya kwanza tangu nifike hapa. Nakula. Ata mafuta ya Mama Feza naona sasa inatosha.

Train itachelewa, inachelewaka tangu sie batoto. Funika sahani.

Ni miye, yaya yako,
Mwadi